Kicheko Hakina Zamu

1

Darubini ya kituo ilikuwa ya kutazamia kingo za wingu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibati chake, na ndivyo Mwasiti, mwendesha mitambo wa kituo, alivyomjibu kila aliyeuliza. Lakini kila asubuhi, kabla hajatazama kingo za kitu chochote, aliigeuza kuelekea kijiji cha Juani, akaishusha kidogo, akaisogeza kulia kidogo, mpaka likatokea bati la kijani la nyumba ya Kibibi.

Kibibi alikuwa mke mwenzake. Mume wao, Twaha, alikuwa fundi cherehani mwenye mikono mizuri na maneno mazuri zaidi. Alikaa wiki moja kwa Mwasiti na wiki moja kwa Kibibi, akihama kila Ijumaa alasiri na begi lake la ngozi lenye mkasi, futikamba na cherehani ndogo ya umeme. Wiki hii ilikuwa ya Kibibi.

Mwasiti akawaona barazani. Kibibi alikuwa anakata mapeasi vipande vyembamba na kuvipanga kwenye vichanja vya kukaushia, na Twaha yuko kwenye cherehani, amemgeukia. Akasema kitu. Kibibi akajibu kitu. Halafu Twaha akarusha kichwa nyuma akacheka, kofia ikamdondoka, akaiokota, akaendelea kucheka akiwa ameishika mkononi.

Sauti haikufika kituoni, na hilo ndilo lililouma. Kicheko ukikisikia unaweza kusema, aa, cha uongo hicho, au, huyo anamcheka mtu. Usipokisikia huna pa kukishika. Mwasiti alibaki ameinama kwenye darubini mpaka shingo ikamuuma, na alilijua jina la kilichomshika. Ulikuwa wivu. Hakujisumbua kuuita kitu kingine.

Nyuma yake pampu zilikuwa zinanguruma. Juu ya kilima kulisimama milingoti ya chuma, mstari mmoja mrefu kufuata mgongo wa mlima, na kila mlingoti ulikuwa unatema hewa kavu ya moto kuelekea upande wa kushoto wa bonde. Ukungu uliopanda kutoka nyanda za chini kila alfajiri ulifika hapo, ukakutana na ile hewa, ukapinda. Kulia, Juani ilikuwa inameremeta mabati na kanga zilizoanikwa. Kushoto palikuwa na mto, daraja la waenda kwa miguu, na baada ya daraja hakuna kilichoonekana. Huko ndiko Winguni. Huko ndiko kwake.

2

Ijumaa Twaha alivuka daraja baada ya sala ya alasiri kama kawaida. Mwasiti alikuwa amepika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, ametandika shuka jipya, amejifukiza udi. Akamsikia akikohoa nje kwenye ukungu, akatoka kumpokea begi.

"Karibu, Baba Zuwena."

"Nimeshakaribia."

Akaingia, akavua viatu, akakaa. Ndani taa ya jua ilikuwa inawaka. Kila nyumba ya Winguni ilipewa moja na Kamati ya Anga, ubao mweupe wa kutundika ukutani, ukae mbele yake nusu saa kila asubuhi ili moyo usizame. Mwasiti alikuwa ameiwasha mapema kwa ajili yake. Twaha aliitazama, akageuza uso.

Walikula. Kijiko kilisikika kikigonga sahani.

"Kuku hana chumvi?"

"Anayo."

"Wali umeiva sana?"

"Wali mzuri, Mama Zuwena. Kila kitu kizuri."

Zuwena, binti yao, alikuwa ameolewa Tanga mjini. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu na hiyo taa.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nimechoka."

"Kwa Kibibi hukuchoka. Kwa Kibibi mpaka kofia inaanguka."

Twaha aliweka kijiko chini. "Nani kakwambia habari za kofia?"

Mtu hawezi kusema amemwona mumewe kwa chombo cha serikali.

"Sikiliza," Twaha akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo wateja wake waliipenda. "Mimi ni mwadilifu. Siku saba kwako, siku saba kwake. Nikipeleka sukari kule, naleta sukari hapa. Kanga za Idi mlivaa doti sare. Nenda kamuulize shehe yeyote, nimekosea wapi?"

"Kicheko."

"Nini?"

"Kule unacheka. Hapa unakohoa tu."

Twaha alifikiri kidogo, na kwa kweli alionekana kuwa anafikiri. "Kicheko hakina zamu, Mama Zuwena. Kinakuja kikitaka."

Akaamka, akajilaza kwa kuupa ukuta uso. Mwasiti alitoa vyombo, akaosha sahani moja mara nyingi kuliko ilivyostahili. Walioana mwezi wa kiangazi, zamani kabla ya milingoti, na kiangazi kile kizima Twaha alicheka kila siku. Alicheka akila, alicheka akinawa, alicheka akimtazama tu. Mwasiti alidhani anachekeshwa na yeye. Sasa alikuwa na umri wa kutosha kukubali mengi, uzee, mke mwenza, hata ukungu. Hilo moja la kicheko hakulikubali.

3

Wingu halifutwi. Hilo ndilo jambo la kwanza Mwasiti alilofundishwa alipoajiriwa, na ndilo watu wa Juani hawakupenda kukumbushwa. Unaweza kulisukuma, unaweza kulipinda, lakini maji yale yaliyomo angani lazima yakae mahali. Ukiisafishia ng'ambo moja, unaitwika ng'ambo ya pili wingu lake na la mwenzake. Ndiyo maana Winguni haikuwa na ukungu wa kawaida. Ilikuwa na ukungu mara mbili, mtu anatoka mlangoni asione zizi lake.

Zamani bonde lote lilikuwa na ukungu wake wa haki, na watu wote walikuwa wanasononeka kidogo kidogo. Milingoti ilipokuja, ilipigwa kura kanisani na msikitini na shuleni. Juani kulikuwa na watu wengi zaidi. Winguni kulikuwa na chai, na chai inapenda ukungu. Wakakubaliana kupokezana mwaka kwa mwaka, kila ng'ambo ibebe kwa zamu yake, Winguni ianze. Mwaka wa kwanza ulipita. Kamati ikasema mitambo bado haijazoea. Wa pili ukapita, ikasema hoteli za Juani zimeshapokea wageni. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu watu waliozoea wingu hata kuuliza kunawachosha.

Kwa hiyo Mwasiti alipoushika usukani wa shaba unaogeuza milingoti Jumatatu asubuhi, Twaha akiwa nyumbani kwake amelala, alikuwa na maneno tayari. Ni haki yetu, alijiambia. Tumeahidiwa. Naazima tu.

Usukani ulikuwa mzito. Aliuzungusha polepole, akisikia milingoti huko nje ikigeuza midomo mmoja baada ya mwingine kwa mlio wa bawaba zisizopakwa mafuta. Kwenye daftari la zamu akaandika kwamba upepo wa kusi umegeuka ghafla. Kisha akaenda dirishani.

Ukungu ulikaa kidogo bila kujua la kufanya. Halafu ukaanza kulivuka daraja.

Alipofika nyumbani mchana hakuitambua njia. Alikuta kumbe jirani alipaka nyumba yake rangi ya waridi, na hajui tangu lini. Watu wamesimama milangoni na mikono imewekwa juu ya macho. Mama mmoja alikuwa ametoa magodoro yote nje na kuyapiga kwa fimbo huku akiimba. Na barazani kwake, kwenye baraza lake mwenyewe, Twaha alikuwa ametoa cherehani.

"Mama Zuwena! Umeona maajabu haya? Njoo, njoo ukae. Hivi wewe hilo gauni umelishona wapi, mbona limekupenda hivyo?"

"Umelishona wewe, mwaka juzi."

Twaha akarusha kichwa nyuma akacheka. Kofia ikadondoka.

Mwasiti aliiokota yeye. Aliishika, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, na moyo wake ulikuwa unaruka. Wiki ile alikula na mumewe nje, alisimuliwa vichekesho vya wateja, alisifiwa mchuzi. Usiku Twaha alilala akiwa amemwelekea yeye na ukuta uko nyuma.

Ijumaa ikafika. Twaha akafunga begi, akavuka kwenda kwa Kibibi.

Hapo Mwasiti alitakiwa kulirudisha jua lilikotoka, maana alijiambia anaazima. Jumamosi asubuhi alikwenda kituoni, akaushika usukani, akainama kwenye darubini akatafuta bati la kijani. Hakuliona. Kulikuwa na weupe tu. Akawaza Twaha yumo humo ndani, anakohoa, anaupa ukuta uso, na Kibibi anauliza kama kuku hana chumvi.

Akauachia usukani ulivyo. Mpaka juzi angeweza kusema alikuwa anadai haki ya Winguni. Kuanzia asubuhi ile ulikuwa wivu mtupu, na alijua, na akakaa akanywa chai yake.

4

Bwana Singano, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mpole mwenye kuogopa simu. Alipoingia chumba cha usukani akiwa ameishika simu yake mbali na mwili, Mwasiti alijua kuna jambo.

"Bi Mwasiti, huo upepo wa kusi, bado?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Upepo huo, Bwana Singano. Mimi nitamwamuru nani?"

Singano akakaa. "Wapima hali za watu wamepita Juani. Wanauliza maswali yaleyale ya siku zote, umelalaje, umekulaje, una hamu na nini. Unajua watu wengi wamejibu nini kwenye la tatu? Hamna. Wamejibu hamna, basi. Kuna harusi imeahirishwa na hakuna aliyefiwa. Mwenye duka la pale stendi hajafungua wiki nzima, wakamgongea wakidhani mgonjwa, akasema haoni sababu." Alifuta jasho. "Winguni mlizoea polepole, mna taa. Wale hawana taa hata moja. Limewaangukia la mara mbili kwa mpigo."

"Winguni hatukuzoea," alisema Mwasiti. "Tulinyamaza."

Singano alimtazama. Alikuwa mwoga lakini hakuwa mjinga.

"Kama kuna chujio limeziba kwenye mlingoti wowote," akasema taratibu, "lingezibuliwa, nisingeuliza liliziba vipi."

Akatoka. Mwasiti alibaki na mkono juu ya shaba. Alifikiria harusi iliyoahirishwa, bibi harusi aliyekwisha kupakwa hina. Vidole vyake vilikaza, vikataka kugeuza. Ndipo simu yake ilipolia ujumbe wa sauti, na sauti ilikuwa ya Kibibi, ya chini, kama anaongea akiwa amejifunika.

"Dada, shikamoo. Kesho kutwa Ijumaa anarudi kwako, na Ijumaa ile nyingine inarudi zamu yangu. Nimekaa nimefikiri. Nakupa hiyo zamu. Akae kwako tu. Sina uso wa kumwonyesha mtu. Usinifikirie vibaya, dada. Nakupa kwa moyo."

Mke kumpa mwenzake zamu ni jambo kubwa. Linaruhusiwa, kila mtu analijua, lakini wanawake wa bonde lile wangekupa mbuzi wa maziwa kabla ya kukupa zamu. Mwasiti aliurudia ujumbe ule. Akaurudia tena. Kibibi ameshindwa. Kibibi mwenye bati la kijani na vidole vya mapeasi amesalimu amri mwenyewe, bila hata kutukanwa.

Mkono ukatoka kwenye usukani. Alikwenda nyumbani akiimba.

5

Wiki ya pili ya mfululizo Twaha alinenepa. Winguni ilikuwa imechangamka, watu wanatembeleana, na wanaume walikuja barazani kushonesha suruali ambazo walikuwa nazo tayari ili mradi wakae juani na Twaha awachekeshe. Mwasiti alipitisha kahawa na kashata. Alijiona bibi harusi.

Siku moja, wageni walipoondoka, alikaa kwenye mkeka kando ya cherehani, akauliza kile alichotaka kukisikia tangu zamani.

"Na Kibibi? Humkumbuki?"

"Aah, Kibibi." Twaha alikata uzi kwa meno. "Namkumbuka, mke wangu yule. Lakini nikwambie kweli, siku hizi ana uso wa wingu. Ukiingia nyumba ile unahisi umetumbukia kisimani. Unaulizwa chumvi, unaulizwa sukari, mpaka unachoka. Hapa kwako ndiko nyumbani."

Hapa kwako ndiko nyumbani. Mwasiti aliyangojea maneno haya miaka. Yalifika, akayapokea, akaona yana kasoro mahali, kama nguo aliyopimiwa mtu mwingine.

Unaulizwa chumvi.

"Baba Zuwena."

"Naam."

"Na mimi ulikuwa unanisemaje, ukiwa kule?"

Twaha alicheka. Kichwa nyuma, kofia ikayumba, haikudondoka. "Ya zamani hayo! Wewe sasa hivi ni mwanamke mwingine kabisa."

"Mwingine vipi?"

"Unang'aa."

Mwasiti alitazama mikono yake. Ilikuwa na jua juu yake, jua lile alilolisukuma kwa mabega yake mwenyewe. Alitazama ukuta, na ukuta nao ulikuwa unang'aa, na mbuzi wa jirani aliyekuwa anapita alikuwa anang'aa vilevile. Twaha alimpungia yule mbuzi mkono, akacheka.

Kiangazi kile cha ndoa yao kikamrudia chote. Anakula anacheka, ananawa anacheka. Mwasiti akainuka akasema anakwenda kuanua nguo, na nguo alikuwa ameshazianua asubuhi.

6

Kuvuka daraja kwenda Juani kulikuwa kuingia kwenye pamba iliyolowa. Alipapasa reli mpaka mwisho, akafuata ukuta wa shule, akahesabu milango kwa mkono. Yeye wa Winguni alijua kutembea kwenye ukungu. Watu wa huku hawakujua, alisikia mmoja amejikwaa mahali akaanza kulia, mtu mzima, kwa kujikwaa tu.

Kibibi alifungua baada ya kubishiwa hodi sana. Alikuwa amejitanda blanketi. Barazani vichanja vya mapeasi vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na hakuna aliyevitoa.

"Dada. Karibu. Ndani kuchafu."

"Nimeshaona uchafu mkubwa kuliko huo."

Walikaa bila taa. Mwasiti alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga vizuri njiani, ya kuzungukazunguka, akayatafuta asiyapate.

"Ni mimi," akasema. "Hili wingu. Hakuna upepo wa kusi. Nimeugeuza usukani kwa mkono wangu."

Kibibi aliinua kichwa polepole. "Kwa nini?"

"Nilikuona kwa darubini ukimchekesha."

Halafu Kibibi akainuka, blanketi likaanguka, na Mwasiti akajiweka tayari kupigwa. Kibibi hakumpiga. Alikwenda barazani, akabeba kichanja kimoja chenye mapeasi yaliyooza, akarudi nacho akakiweka mapajani mwa Mwasiti, na majimaji yale yakamlowesha gauni.

"Hiyo ilikuwa ada ya shule ya mdogo wangu," akasema. "Shika. Kishike hivyohivyo tuzungumze."

Mwasiti akakishika.

"Mimi nilidhani nimerogwa," Kibibi akasema. "Nimekaa humu najiuliza nina nini, nimemkosea nani. Nimelala mchana. Nimemchukia mtoto wa jirani kwa sababu anapiga chafya. Kumbe una darubini, umekaa huko juu unanichezea moyo! Na Juani nzima! Wale wamekukosea nini?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Kibibi alijifuta uso kwa kiganja. "Unajua alikuwa anakuita nani? Akiwa hapa?"

"Uso wa wingu."

Kibibi aliushusha mkono.

"Ameshaanza kukuita wewe," Mwasiti akasema. "Juzi. Na chumvi."

"Chumvi gani?"

"Kwamba unamuuliza chumvi."

Kibibi akakaa tena, safari hii karibu.

"Nilikuwa nacheka," akasema baadaye. "Akikusema, nilikuwa nacheka. Na hapohapo nakuonea wivu mpaka silali."

"Mimi? Una wivu na mimi kwa lipi?"

"Alisema akiwa kwako ananyamaza. Siku nzima. Nikasema, basi huko ndiko anakostarehe. Mtu ananyamaza kwa mtu wake. Hapa kwangu anafanya mzaha kama mgeni, huwezi kumuuliza jambo la maana hata moja, anakugeuzia kicheko. Nilipokuwa mgonjwa wa tumbo alinichekesha. Nilitaka aninyamazie hata siku moja."

Miaka yote hii kila mmoja alikuwa anautamani mfupa wa mwenzake, na nyama hakuna aliyeionja. Lakini asikudanganye mtu kwamba wivu uliisha palepale. Alimtazama Kibibi kwenye kiza, akaona shingo yake bado nzuri, na kitu kikamchoma kama kawaida.

"Rudisha jua," Kibibi akasema.

"Nikilirudisha, Winguni inazama tena. Kuna mama kule anapiga magodoro anaimba."

"Na usipolirudisha?"

"Ndiyo hivyo."

Kichanja kilikuwa kinadondosha maji sakafuni.

"Waambie," Kibibi akasema. "Iambie Kamati yako ulivyofanya, na kwamba kumbe wingu linaweza kugeuzwa kwa asubuhi moja, mitambo haijafa. Walituahidi kupokezana. Sisi Juani nasi sasa tumeonja. Mimi nitakuja kusimama pembeni yako niseme nilichokiona humu ndani."

"Watanifukuza kazi."

"Watakufukuza," Kibibi alikubali. "Na stahili yako."

Mwasiti akakitua kichanja chini. "Na zamu yako? Nimekuja kukurudishia."

Kibibi alitazama mlango kwa muda mrefu.

"Mimi nimeshaitoa, dada. Siipokei tena."

"Basi na mimi yangu nakupa wewe."

"Siitaki."

"Na mimi siitaki."

7

Singano alisikiliza yote akiwa ameketi. Mwasiti alipomaliza, alitoa leso, akaipinda, akairudisha mfukoni.

"Mkutano wa Kamati ni kesho," akasema. "Utayasema haya mbele yao?"

"Nitayasema. Na Kibibi atakuwepo."

"Basi mpaka kesho anga hili si la mtu." Akaenda mwenyewe kwenye ubao, akazima pampu, moja baada ya nyingine. "Nitasema tunazipumzisha. Fungasha vitu vyako taratibu, Bi Mwasiti. Sijui watakavyoamua."

Kimya kilichofuata kilikuwa kigeni. Mwasiti hakuwa amewahi kukaa katika chumba kile bila ngurumo. Nje, ukungu ulitulia, ukaanza kutawanyika juu ya bonde lote kwa namna yake. Palikuwa na mwanga hapa, kivuli pale, kipande cha Juani kikaonekana kikapotea, kipande cha Winguni kikafanya vivyo hivyo.

Ilikuwa Ijumaa, alasiri imeshasaliwa. Aliinama kwenye darubini. Alijua ni mara ya mwisho, na hakutafuta bati la kijani.

Twaha alikuwa katikati ya daraja na begi lake la ngozi. Asubuhi alipokea ujumbe wa Mwasiti: zamu nimempa mwenzangu. Muda mfupi baadaye akapokea wa Kibibi: zamu nimempa mwenzangu. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Aibu ya Mwasiti ni kwamba hata sasa, baada ya yote, alitaka ageuke kushoto. Alitaka kwa nguvu mpaka meno yakamuuma. Geuka huku, alisema moyoni. Njoo unune, sitakuuliza chumvi.

Twaha hakutazama nyumba yoyote tena. Aliinua uso akatazama juu.

Alitazama anga la upande huu, akatazama la upande ule, akiwa ameweka kiganja juu ya macho, kama mnunuzi anayelinganisha vitambaa. Akangoja. Wingu dogo lilipita juu ya Juani, jingine juu ya Winguni. Akatoa simu.

Ya Mwasiti ikalia mezani.

"Mama Zuwena," sauti yake ilikuwa na mashaka ya kitoto. "Samahani mke wangu, wewe ndiye uko huko juu. Hivi leo jua litakaa wapi?"

Mwasiti alimwona kwenye darubini, mdogo, simu sikioni, uso bado uko juu. Wivu ulikuwa palepale kifuani, ila sasa haukuwa na mtu wa kumshika.

"Halina zamu, Baba Zuwena," akasema. "Linakuja likitaka."

Akakata simu, akaifunika darubini kwa kitambaa chake, akaanza kukusanya vikombe vyake. Kule chini Twaha aliweka begi juu ya mbao za daraja, akakaa juu yake, na manyunyu yakaanza.